Nyota Moja kwa Jina la Mashavu

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, tena kwenye kiti chenye egemeo, maana ninayotaka kukueleza hayafai kusomwa na mtu aliyesimama.

Mimi ni msomaji wa gazeti lenu tangu lilipokuwa likichafua vidole. Nimelisoma, nimelifungia masweta ya wateja, nimelitandika chini ya cherehani likanywa mafuta, na hata siku moja sikuwahi kulilalamikia. Mlipokosea matokeo ya mpira nilinyamaza, ingawa mzee wangu, baba wa watoto wangu, alishinda akishangilia ushindi ambao haukuwapo. Mlipochapisha picha ya daraja kichwa chini miguu juu, niligeuza gazeti, nikalitazama daraja vizuri, nikaendelea na shughuli zangu. Nayasema haya ujue kwamba huandikiwi na mtu wa kelele.

Lakini safari hii mmenigusa pabaya. Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, kwenye ukurasa wa familia, chini kidogo ya maelezo ya kuondoa madoa ya wino, yule mtu wenu anayejiita Mtaalamu wa Majina aliandika kuhusu jina la Mashavu. Kwa kuwa huenda hata wewe huna muda wa kusoma gazeti lako, nanakili neno kwa neno:

"MASHAVU. Jina la kike. Asili: haijulikani vizuri. Maana: sehemu ya uso. Tabia: wakunjufu, wapenda kula, wazito kuamka. Umaarufu: nyota moja kati ya tano. Ni jina la zamani linaloelekea kutoweka. Siku hizi hupatikana zaidi kwenye matangazo ya vifo."

Ndugu Mhariri, mimi ndiye Mashavu. Niko hai. Leo nimeamka kabla ya watu wote wa nyumba hii, nimefagia, nimechemsha chai, na sasa nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, ambao una joto la kawaida. Kwa heshima zote naomba kukuwekea malalamiko yangu kwa namba, ili isije ikasemwa kwamba hayakueleweka.

1. KUHUSU ASILI

"Haijulikani vizuri." Haijulikani na nani? Kama Mtaalamu hajui, aseme yeye hajui, asiwasingizie watu wote. Asili ya jina la Mashavu inajulikana vizuri sana. Nilizaliwa chumba cha nyuma, shangazi yake baba akanipokea, akanisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Na haya mashavu huyu kayatoa wapi?" Mama, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kazi ngumu na hakutaka maneno mengi, akajibu, "Basi huyo ndiye Mashavu." Baba alikuwa ameandaa jina jingine, refu, la heshima, lakini alipoingia alikuta mambo yamekwisha. Akanywa chai, akakubali.

Asili yote ni hiyo. Natambua kwamba haina mfalme. Wenzetu wa nyota nne na tano mnawapa malkia, mnawapa mito na lugha zilizokufa. Juzijuzi mliandika kwamba jina fulani linatokana na binti wa mfalme aliyelelewa na simba. Sikubishi. Nauliza tu nani alikuwepo. La kwangu lina mashahidi wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa simba.

2. KUHUSU MAANA NA TABIA

Kwamba mashavu ni sehemu ya uso, hapo namvulia Mtaalamu kofia. Ni kweli. Sijawahi kuyaona kwenye goti. Sijui alisoma miaka mingapi mpaka akaligundua hilo, lakini jasho lake halikupotea.

Ila hizo tabia. "Wapenda kula, wazito kuamka." Mzee wangu, Ndugu Mhariri, husoma gazeti lenu akianzia nyuma kwenye mpira, na akifika katikati huwa ameshalala. Siku hiyo, sijui shetani gani alimgusa, alianzia ukurasa wa familia. Akaukata mstari ule kwa mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ambao katika nyumba hii haujawahi kuguswa na karatasi, akaubandika kwa plasta kwenye mlango wa kabati la vyombo. Tangu siku hiyo nikijiongezea chakula anakohoa, halafu anaangalia kabati. Hasemi neno. Ameishi na mimi muda mrefu kiasi cha kujua kwamba asiposema neno hakuna la kumjibu.

Tena mashavu yenyewe sinayo tena. Yaliondoka kidogokidogo. La kulia lilianza kupungua nilipopata mtoto wa pili, la kushoto likavumilia mpaka nilipofungua chumba cha kudarizi masweta, na sasa nina uso kama wa mtu yeyote mwenye kazi. Je, kwa elimu ya Mtaalamu, nilitakiwa kulirudisha jina? Na kama nilitakiwa, nilirudishe ofisi gani? Nauliza kwa sababu jirani yangu, ambaye kwa mujibu wa gazeti lenu jina lake maana yake ni utulivu, juzi alimkimbiza fundi bomba kwa mwiko mpaka barabara kuu, na sijasikia mtu akimwambia arudishe chochote.

3. KUHUSU UMAARUFU

Hapa ndipo nilipovaa viatu vya kutokea nikaja ofisini kwenu, maana niliona haya mambo nitaumbuka nikiyasemea jikoni.

Mlinzi wenu alinipokea vizuri, namshukuru. Ngazi zenu zina kidato kimoja kilicholegea, nadhani mnakijua, au mnasubiri kiandikwe. Dada wa mapokezi alikuwa amekaa nyuma ya maua ya plastiki, feni imeelekezwa kwenye kompyuta, yeye mwenyewe anajipepea kwa bahasha. Nikamweleza shida yangu. Akaniambia Mtaalamu huja Alhamisi tu. Katika kunifariji akaniambia pia kwamba Mtaalamu huyohuyo ndiye anayeandika nyota za bahati, na kwamba Shangazi yule anayejibu maswali ya ndoa kila wiki ni yeye tena, na ana ndevu. Nikakumbuka ushauri wa Shangazi kuhusu mume anayekoroma, ambao niliufuata hatua kwa hatua. Nikaomba maji ya kunywa.

Kisha nikamuuliza, hizi nyota za majina mnazipataje? Dada wa watu hakuficha. Alisema Mtaalamu huchukua kurasa za matangazo za gazeti lenu akahesabu majina. Zamani kulikuwa na matangazo ya kuzaliwa na ya vifo. Ya kuzaliwa watu waliacha kuyaleta, siku hizi mtoto akizaliwa anatangazwa kwenye simu kabla hajafumbua macho, kwa hiyo ukurasa ule mkaufuta. Yakabaki ya vifo. Basi Mtaalamu anahesabu hayo. Jina akilikuta huko anaandika ni la zamani. Asipolikuta kabisa, na kina mama wakawa wanapiga simu kuliulizia, analitunuku nyota tano.

Ndugu Mhariri, hebu tulitazame jambo hili taratibu, wewe na mimi. Ili gazeti lenu limhesabu mwanamke, ni lazima afe au apige simu. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikuwa kazini. Wanawake wote wanaoitwa Mashavu walioko hai wako makazini, wanapika, wanashona, wanafundisha, wanauza, na kwenye hesabu zenu hawapo. Siku pekee mnayotuona ni siku tusiyoweza kuwaandikia barua.

Na ukifuata takwimu hizohizo, mwenye jina la nyota tano hafi. Hajawahi kuonekana kwenye ukurasa ule. Kama ni hivyo mmegundua kitu kikubwa sana, na nashangaa mmekiweka chini ya madoa ya wino.

4. KUHUSU MJUKUU WANGU

Yote hayo ningeyameza. Nimemeza makubwa zaidi. Lakini mke wa mwanangu amejifungua.

Mkwe wangu ni binti mzuri, simsemi vibaya. Anauza kwenye duka la dawa, na kila boksi linalopita mikononi mwake husoma karatasi yake ya ndani mpaka mwisho, kwa hiyo kitu kikishachapishwa kwake ni dawa. Kabla hajajifungua ilikuwa imeshasemwa kwamba akija wa kike ataitwa jina langu. Sikulazimisha mtu. Mwanangu alilisema mwenyewe, mezani kwangu, mdomo umejaa, na mimi nilijifanya sikusikia ili alirudie. Akalirudia.

Akaja wa kike. Nikasimamisha kazi siku nzima. Halafu ikaja Jumamosi yenu.

Jumapili walifika, mkwe wangu na gazeti limekunjwa ndani ya mkoba wa nepi. Akaongea kwa adabu kabisa: "Mama, jina ni zuri, wala hatulikatai. Ila na wewe si unaona mwenyewe? Mtoto aanze maisha na nyota moja?" Mwanangu, niliyemzaa mwenyewe, akawa anaangalia soksi zake kana kwamba kuna mtu kamwachia maagizo humo. Mwishowe akasema, "Mama, tutaliweka jina la kati."

Jina la kati! Ndugu Mhariri, jina la kati ni stoo. Ndiko vinakowekwa vitu ambavyo mtu anaona aibu kuvitupa.

Nilicheka, nikawamiminia chai, nikawasindikiza mpaka kwenye kona. Niliporudi nilikaa mbele ya mashine bila kuiwasha. Niliumia. Hilo naliandika hivyo hivyo lilivyo. Sikutaka nyumba wala shamba. Nilitaka tu, wakati masikio yangu bado yanafanya kazi, nilisikie lile jina likiitwa ndani ya nyumba, mtu anaitwa ale, anaitwa aoge, anaitwa aache kuchezea maji.

Badala yake mtoto kaandikishwa kliniki kwa lile la nyota tano. Silitaji, halihitaji msaada wangu. Mimi kazi yangu ni kudarizi majina kwenye masweta ya shule, na hilo la nyota tano nimelidarizi mpaka mkono unakwenda wenyewe. Siku hizi nayaweka tayari rafuni yakiwa yameshaandikwa, madogo, ya kati na makubwa. Mzazi akiingia sina haja ya kumuuliza jina, namuuliza saizi. La Mashavu, kwa miaka yote niliyokaa kwenye kiti kile, hakuna aliyewahi kuniomba nilidarizi. Sentensi hiyo tafadhali msiichapishe, inaweza kudhoofisha hoja.

5. KUHUSU HATUA NILIZOKWISHA KUCHUKUA

Kwa kuwa umaarufu kwenu ni yale yaliyoandikwa, nami nina mashine ya kuandikia, sikuona sababu ya kukaa nimeshika tama.

Nilikuwa na mzigo wa masweta ya shule moja ya jirani, darasa zima, wazazi wameniachia majina kwenye vikaratasi. Nikavikusanya vile vikaratasi vyote, nikaviweka kando, nikadarizi Mashavu sweta la kwanza mpaka la mwisho. Kwa uzi wa njano, unaoonekana. Wazazi wawili watatu walikuja juu. Baba mmoja alisema mwanawe ni wa kiume, nikamweleza kwamba na wavulana wana mashavu, akaondoka nalo. Mwalimu wa darasa hilo, yeye alikuja mwenyewe kunishukuru. Anasema aliita Mashavu mara moja tu na darasa zima likaitika, pamoja na benchi la nyuma ambalo halikuwahi kuitikia kitu tangu mwaka uanze.

Nikapata moyo. Timu ya mpira ya makanika, ile ambayo mzee wangu ni shabiki wake na ugonjwa wa moyo kaupatia huko, ilileta jezi ziandikwe mgongoni. Wakaingia uwanjani wote Mashavu, kuanzia kipa. Kipindi cha pili mmoja wao akacheza rafu, refa akamwonyesha kadi ya njano, akatoa kitabu chake, akasoma mgongo, akaandika, kisha mwingine akafanya rafu, refa akasoma tena mgongo, akaangalia kitabu, akatoa kadi nyekundu kwa mtu ambaye hata mpira alikuwa hajaugusa. Ugomvi uliofuata sikuuona vizuri, nilikuwa nimekaa nyuma ya mtu mrefu. Walifungwa. Lakini mashabiki waliliimba jina lile mpaka filimbi ya mwisho, na mzee wangu, ambaye alikuwa amekasirika na kuninyima hata salamu, nilimwona midomo yake inacheza.

Gazeti lenu kesho yake liliandika kwamba mechi iliahirishwa kwa sababu ya mvua.

6. KUHUSU NINAYOYAOMBA

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba mrekebishe yafuatayo.

Kwanza, safu ile irudiwe, ukurasa uleule, herufi zilezile, na jina la Mashavu lipewe nyota tano. Nne na nusu ningeweza kuzikubali endapo hiyo nusu itachorwa vizuri. Asili iandikwe kama nilivyoieleza hapo juu, na dirisha litajwe.

Matangazo ya kuzaliwa yarudi, bure kwa kila mtoto atakayeitwa Mashavu. Kwenye matangazo ya vifo, mwanamke yeyote mwenye jina hili aandikwe kwa jina la mume wake, ili asiendelee kutuharibia hesabu.

Mtaalamu wa Majina, kwa kuonyesha majuto, amwite Mashavu binti yake. Kama hana binti, mke wake ataarifiwe mapema. Kama hana mke, nitamwandikia Shangazi.

Wasichana wote watakaozaliwa mwaka huu waitwe Mashavu, bila kukaguliwa uso. Waliokwisha kupewa lile la nyota tano waletwe kwangu wabadilishiwe, waje na sweta, nitafumua na kudarizi upya wakisubiri. Wenye dukuduku watapewa kiti.

Hospitali, shule, benki na vituo vya polisi vianze kuliita jina hili kwa sauti angalau mara moja kila asubuhi, hata kama hakuna mwenye jina hilo, ili watu walizoee. Na gazeti lenyewe, kwa muda wa mwezi mmoja tu, libadili jina liitwe Mashavu. Nimeshakata herufi za kitambaa kwa ajili ya bango la nje, zipo tayari, mtume mtu mwenye ngazi.

Sioni katika hayo lolote lililo zito. Mnaweza kuyatimiza yote kabla mtoto hajaandikishwa cheti cha kuzaliwa, na ndiyo haraka yangu, kwa sababu cheti kikishapigwa muhuri, jina langu litakuwa limeshaingia stoo na mlango umefungwa.

Nawasalimu wote hapo ofisini. Msalimie mlinzi, na msalimie sana dada wa mapokezi, mwambie feni shingo yake inageuka, ajaribu kuigeuza. Msalimie mpiga picha wa daraja. Msalimie mwandishi wa mpira, mwambie siku ile hapakuwa na wingu. Na Shangazi mwenye ndevu naye apate salamu zake, ajue kwamba mzee bado anakoroma.

Nakutakia kazi njema, wewe na familia yako, na kama una binti mdogo nyumbani ambaye hajapata jina, unafahamu nilipo.

Ni mimi, niliye hai,

Mashavu
Fundi wa masweta, chumba cha tatu nyuma ya duka la vioo.

Tanbihi. Ndugu Mhariri, barua hii nilikuwa nimeshaikunja. Nimeifungua tena, kwa hiyo usishangae mikunjo.

Wamekuja. Mkwe wangu kaingia mbele, mtoto mgongoni, jasho linamtoka, anatokea kliniki. Anasema nesi aliita lile jina la nyota tano na benchi zima la kina mama likasimama. Wakasukumana mlangoni, kadi zikachanganyika, na mtoto wetu akaponea chupuchupu kudungwa chanjo mara ya pili, huku mtoto wa mwenzake akirudishwa nyumbani bila kudungwa. Akaniambia, "Mama, nimekoma. Mimi nataka jina ambalo likiitwa anainuka mtu mmoja." Mwanangu akasema njiani wamepitia kuandikisha cheti. Mashavu. La kwanza, siyo la kati.

Nililia, sikuficha. Nikamshika mtoto, nikawaambia walale kwetu mpaka mwisho wa wiki. Nikarudi chumba cha kazi kumalizia sweta la mteja, nina uzi mdomoni, nikasikia kutoka upande wa jikoni: "Mashavu! Mashavu wee!"

Nikaitika, "Abee!"

Niliitika kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo. Nikaacha mashine inakwenda, nikakimbia, nikafika mlangoni. Walikuwa wamemwinamia mtoto, wanamchekesha. Mkwe wangu akageuka akasema, kwa upendo kabisa, "Hapana Bibi, tunamwita Mashavu."

Ndugu Mhariri, mtu wa mwisho kuniita kwa jina hilo alikuwa mama, kabla hajafa. Baada ya hapo nimekuwa mama, nimekuwa fundi, nimekuwa shemeji, wifi, bibi. Mzee wangu ananiita mama watoto, na watoto walishaondoka wote. Hakuna aliyenikosea, ndivyo watu wanavyoitana. Mimi nilidhani nataka jina lienee, lijae mashuleni na viwanjani. Kumbe nilitaka mtu aniite.

Nimewaomba wambadilishie mtoto. Nimewaambia hata lile la nyota tano lina uzuri wake, nimwandikie sweta sasa hivi, yapo tayari rafuni. Hawataki kusikia. Mkwe wangu kasema jina limemkaa, na duka zima la dawa limeshaambiwa. Mzee wangu naye ndiye kinara, anamwita kutwa, tena anamwimbia ule wimbo wa uwanjani.

Kwa hiyo naomba uyapuuze malalamiko yangu, la kwanza mpaka la sita. Mwambie Mtaalamu alichokiandika ni sahihi. Aandike tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Aseme ni jina baya, walio nalo wanakoroma, halina asili wala maana, na aiondoe hata ile nyota moja. Mkwe wangu akilisoma gazetini atalitupa. Akishalitupa, mimi nitaliokota, na nitamwomba mzee, kwa namna yoyote Shangazi atakayonishauri, awe ananiita.

Fanyeni haraka tafadhali. Wameita tena sasa hivi, na mimi nimeshaitika.